Chupa Kutoka Kijito cha Luka

Morogoro,
11 Januari 2025

Baba mdogo Hezron,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua hayataki kuniacha tangu Krismasi. Natumaini wewe na mama mdogo Ketrina mmeuona mwaka salama, na ule mguu wake umepungua kuvimba. Kaka Tumpale alinipigia kutoka Tunduma. Anasema foleni ya malori imetoka nje ya mji na yeye hajalala kitandani kwake siku nne, lakini kwa sauti yake anafurahia. Mwambie mama mdogo kwamba mwanawe anakula.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Simu na wewe tunaishia kupigiana kelele, maana kinu cha kukobolea kahawa kilishakula masikio yako. Halafu jambo lenyewe linataka chupa, na chupa haipiti kwenye simu.

Unakumbuka msiba wa baba, ile Machi ya 2021. Jioni ya pili baada ya mazishi nilikuomba unishikie taa kule kijitoni, kwenye kinyungu chake, ile bustani yake ya bondeni. Ulidhani msiba umenichanganya akili, nilikuona usoni, lakini ulikuja. Ulishika taa juu ya shuka jeupe, mimi nikaokota wadudu kwa brashi. Nilijaza chupa moja tu, nikaandika lebo, nikaondoka nayo kurudi chuoni.

Chupa hiyo nilichelewa kidogo kuifungua. Nimeifungua mwezi uliopita. Ndani yake kuna mdudu mmoja mdogo kama punje ya ulezi, mabawa yamejaa manyoya. Hawa wakiwa wachanga huishi majini. Husokota uzi kinywani, hugandisha chembe za mchanga, hujijengea kinyumba chenye umbo la mbegu ya boga na kutembea nacho. Ndugu zake nawajua wengi, huyu simjui, na hayumo katika kitabu chochote. Msimamizi wangu amemtazama kwenye hadubini wiki nzima na yeye hamjui. Huyu ni mgeni kwa dunia nzima, baba mdogo, na ametoka kwetu Igamba.

Kazi yangu sasa ni kumwandika. Nitamchora, nitampima, nitaeleza kila unywele, kisha nitampa jina. Nataka aitwe kwa jina la baba. Jina likishachapishwa halifutwi tena.

Shida ni kwamba ninaye dume mmoja tu. Na unisamehe kwa kumwandikia mzazi mambo haya, lakini wadudu hawa hutambulika kwa maumbile ya uzazi ya dume. Majike wote wanafanana, hata mimi siwezi kuwatenganisha. Dume mmoja anaweza kuwa kilema, watu watauliza wenzake wako wapi. Nikipata hata watano nitalala usingizi. Nimekutumia kwa basi, ofisi ya vifurushi Mlowo, chupa sita zenye spiriti, brashi na penseli. Nenda palepale tuliposimama, giza linapoanza kuingia, weka taa juu ya beseni la maji yenye sabuni kidogo. Lebo uiandike kwa penseli, maana wino unayeyuka.

Ni mimi mwanao,
Enesi


Igamba,
23 Februari 2025

Mwanangu Enesi,

Marahaba. Barua yako nimeipata na chupa zako zote sita, hakuna iliyopasuka. Mama mdogo wako mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau, akiniona nimekaa anaukumbuka tena. Mvua ni nzuri. Mahindi yamebeba, kahawa imeshika. Kanisani wamenirudisha kwenye uzee wa kanisa, ingawa niliwaambia sisikii, wakasema afadhali.

Habari ya mdudu nimeisoma mara mbili. Nikamsomea Ketrina naye akacheka, akasema Luka alipokuwa hai alikuwa na matatizo ya kutosha, sasa anapewa na mbawa. Lakini alifurahi. Na mimi nilifurahi, usione nafanya utani.

Nimekutumia chupa moja. Nilitega taa barazani siku tatu. Humo kuna nondo, mbu, na kumbikumbi ambao mama mdogo wako alitaka kuwakaanga kabla sijawafunga. Jirani yetu Eliakim ananiuliza kama nimeanza kufuga mbu. Sikuweza kushuka bondeni, njia inateleza na mimi si kijana.

Unauliza kama nakumbuka ile jioni. Nakumbuka. Taa ilikuwa nzito.

Ni mimi baba yako mdogo,
Hezron


Morogoro,
20 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo, na pole ya mguu wa mama mdogo. Leo ni siku mbili zimepita tangu kumbukumbu ya baba. Nilikwenda kanisani peke yangu, nikaimba kwa sauti mbovu.

Nimecheka sana na chupa yako. Nondo ni wazuri na kumbikumbi nimewaonea huruma, wamekosa kikaango. Lakini mdudu wangu hawezi kuja barazani, baba mdogo. Ana mabawa, ila si msafiri. Anazaliwa kijitoni, anaruka siku chache palepale, anafia palepale. Lazima mtu ashuke. Subiri njia ikauke, au mwombe Eliakim akushike mkono.

Hujaniambia maji yakoje siku hizi. Bado yanafika magotini? Bado wanawake wanachota pale kwenye jiwe bapa? Niandikie hata mistari miwili kuhusu kijito.

Msimamizi wangu anataka andiko la mdudu huyu liende kuchapishwa kabla mwaka haujaisha.

Mwanao,
Enesi


Igamba,
30 Juni 2025

Mwanangu Enesi,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Msimu wa kahawa umetubana, ndiyo maana kimya.

Nakutumia chupa moja. Wamo tisa wadogo kama ulivyosema, na nimeandika lebo kwa penseli. Natumaini watakutosha.

Nataka kuuliza. Ulisema jina likishachapishwa halifutwi. Hata kama mtu alikosea?

Hezron


Morogoro,
2 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za mama mdogo umesahau kuniambia, kwa hiyo nilimpigia Tumpale, naye akasema mguu umepona. Ashukuriwe Mungu.

Chupa yako ilipofika niliiweka mezani nikaizunguka kama mtu aliyeletewa posa. Niliifungua mbele ya msimamizi wangu. Madume sita, majike watatu, wamehifadhiwa vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Nilianza na dume wa kwanza, nikaenda wa pili. Nilipofika wa nne nilijua.

Si wao. Hawa ni ndugu zao wanaojulikana miaka mingi, na hawa hupenda mto mpana wenye mawe na jua. Kijito chetu kiko chini ya miti, upana wake mtu anauruka. Sijawahi kuona hawa wakiishi mahali kama pale.

Lebo yako inasema, kwa mwandiko wako mzuri wa shule ya zamani: Kijito chetu, Igamba.

Sijui niulize vipi nisikuvunjie heshima. Wewe ulinilipia ada baba alipougua, na sijakusikia ukisema uongo hata mbele ya wanywaji. Ulikwenda wapi na taa, baba mdogo? Jina linafutwa au halifutwi nitakujibu nikishajua hilo.

Enesi


Igamba,
14 Septemba 2025

Mwanangu Enesi,

Barua yako ina wiki tano ndani ya Biblia yangu. Kila Jumapili naiona nikiitafuta Zaburi. Leo Ketrina ameniambia ama nijibu ama niache kubeba hiyo Biblia.

Nilikwenda upande wa Ihanda, kwenye mto ule mkubwa. Nilibeba taa na beseni kwenye baiskeli, mzee wa kanisa, watu wananipisha njia wakidhani nakwenda kuogesha maiti. Niliwakamata kule, nikarudi, nikaandika uongo kwa penseli yako.

Kijito chetu kimekufa, mwanangu.

Nieleze vizuri, maana nimechoka kukificha. Mwaka 2023 kikundi chetu cha kahawa kilipata mashine ya kumenya kahawa mbivu. Zamani kila mtu alimenya nyumbani na kahawa ikatoka madoadoa, wanunuzi wanatushushia daraja. Mashine inataka maji mengi. Wakatafuta mahali, na mimi ndiye mwenyekiti. Nikasema kinyungu cha Luka kiko tupu, kiko jirani na maji, tuiweke pale. Hakuna aliyeniomba. Nilijitolea mwenyewe, tena kwa majivuno, nikapigiwa makofi.

Mtaalamu alisema maji machafu yachimbiwe mashimo matatu, yatulie humo, yasirudi kijitoni. Kahawa ilikuwa inaiva, watu wana haraka. Nikasema shimo moja linatosha kwa msimu wa kwanza, mengine tutachimba baadaye. Mimi ndiye niliyesema, Enesi. Wiki ya pili shimo likafurika. Maji yakawa rangi ya chai, yananuka kama pombe iliyochacha. Siku ya tatu niliwakuta kaa wamepanda ukingoni, wamejipanga juu ya nyasi, hawataki kurudi majini. Nilisimama nikawatazama. Kisha nikasema mvua ikija itasafisha, nikaenda nyumbani kula.

Mvua ilikuja, na maji yakawa meupe ukiyatazama. Lakini msimu ukifika yanarudi vilevile, na mashimo mawili hayajachimbwa mpaka leo. Barua yako ya Januari ilipofika nilishuka jioni ileile na taa. Nilikaa. Hakuna hata mbu. Nilishuka mara nne, njia haikuwa inateleza.

Sikukwambia kwa sababu kinyungu kile ni cha baba yako, na kwa haki ni chako. Niligawa kitu chako bila kukuuliza, kisha nikakiua.

Sasa nakuomba jambo moja. Usimpe jina la Luka. Huku kwetu jina la marehemu hupewa mtoto aliyezaliwa akilia, ili jina lipate wa kuitika. Wewe unataka kulitoa kwa mtoto niliyekwisha kumzika. Nitakuwa nimemzika kaka yangu mara mbili.

Hezron


Morogoro,
19 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Wasalimie wote nyumbani.

Niliandika barua mbili kabla ya hii na nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Ndiyo, mwanao anajua matusi. Ulinijua tangu nikiwa mtoto nazungusha mawe pale kijitoni kutafuta vile vinyumba, na baba akinishika gauni nisitumbukie. Ungeweza kuniuliza. Siku moja tu, simu moja, hata ya kupigiana kelele. Nimekasirika na bado nimekasirika.

Ya pili niliichana kwa sababu ilikuwa inakulaumu wewe peke yako, na huo nao ungekuwa uongo.

Nilikwambia nilichelewa kidogo kuifungua chupa. Ilikaa kwenye droo miaka mitatu na miezi tisa. Kila nilipovuta droo niliona tarehe kwenye lebo, siku mbili baada ya kumfukia baba, nikaifunga. Nilifanya kazi ya wadudu wa watu wengine, wa mito ya watu wengine, huku wa kwetu amelala gizani karibu na kalamu zangu. Ningemfungua mwaka ule wa 2021 ningekuandikia mwaka uleule, na mashine mngeipeleka kwingine, maana ungenisikiliza. Najua ungenisikiliza. Msibani uliniambia tulie kwanza, ndipo tufanye mambo mengine, lakini mimi nililia kwa kufunga droo.

Uliuliza kuhusu kukosea. Katika kazi hii lebo haitolewi kamwe, hata ikiwa ya uongo. Ukigundua kosa unaweka lebo nyingine chini yake, zote mbili zinakaa. Kwa hiyo yako ipo ndani ya chupa, kwa mwandiko wako. Chini yake nimeweka yangu: Si Igamba. Mto wa upande wa Ihanda, kwa maneno ya mkusanyaji mwenyewe. Hivyo ndivyo itakavyosomwa tukiwa hatupo.

Nakuomba mara moja tena. Juu ya mashine, kule kijito kinapoanzia, maji yanachuruzika kwenye jabali. Uchafu haupandi mlima. Mvua za kwanza zikinyesha, nenda. Usipopata kitu, nitumie chupa tupu. Chupa tupu yenye lebo ya kweli naipokea kwa mikono miwili.

Enesi


Igamba,
7 Desemba 2025

Mwanangu Enesi,

Marahaba, na asante kwa kuichana ile ya kwanza. Ketrina anasema angependa kuiona.

Mvua zimeanza tarehe ishirini na tisa. Juzi tulipanda wote wawili mpaka kwenye jabali. Mguu ulimsumbua njia nzima, lakini alikataa kubaki, akasema safari hii anataka shahidi awe yeye. Alishika taa na mimi nikashika brashi. Nimejifunza kwa nini ulikuwa unashusha pumzi taratibu, ukipumua tu wanapeperuka.

Wamo kumi na mmoja. Lebo imeandikwa na Ketrina, mimi sikuigusa.

Kuhusu mashine, nilisimama kwenye mkutano nikawaambia iondoke. Wamekataa. Yesaya, katibu wetu, aliuliza kama mdudu huyo ananunua kahawa, watu wakacheka, na mwaka juzi ningecheka nao. Nikawaambia basi uenyekiti chukueni, na mashimo mawili nitachimba mwenyewe. La pili nimelifikisha kifuani. Eliakim alinisaidia siku mbili halafu akaumwa mgongo.

Niambie kama ndio wao. Usinifiche.

Hezron


Morogoro,
18 Januari 2026

Baba mdogo,

Shikamoo wewe, na shikamoo mama mdogo Ketrina mwenye mwandiko unaosomeka.

Sitakuficha. Wote kumi na mmoja ni majike.

Nilikwambia mwanzo, majike hawatofautiani. Ukubwa ni uleule, rangi ni ileile, mahali ni palepale. Huenda ndio wao, huenda ni ndugu. Nimewageuza siku sita, macho yakauma, na siwezi kuapa. Msimamizi wangu hakutaka tusubiri tena. Andiko limekwenda Ijumaa, likiwa na dume mmoja. Nimeandika kwamba chini ya mashine hajaonekana tena, na juu ya mashine kuna majike wasiotambulika. Nimeandika sababu pia. Jina la kikundi sikuliweka, lakini shimo nimeliweka.

Mkusanyaji wa yule dume anatajwa kwa kanuni. Lebo ya 2021 nilidhani nimejiandika mimi tu. Nilipoisoma tena kwa hadubini, kwa mwandiko wangu wa siku ya msiba, inasema: Enesi ameokota, Hezron ameshika taa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hiyo nayo haitolewi.

Sasa jina. Ulisema jina hupewa anayeweza kuitika, na nikaona una haki. Kwa hiyo sikumpa la baba. Nimempa lako. Sehemu yake ni hasira, sitakudanganya. Sehemu nyingine ni kwamba bila taa yako ile jioni asingejulikana kwamba aliwahi kuwepo. Na sehemu kubwa ni hii: baba hawezi tena kushuka bondeni kumtafuta. Wewe unaweza. Mtu akimwita popote duniani atakuwa anakuita wewe.

Nakuja mwezi wa nne. Usichinje kitu.

Mwanao,
Enesi


Igamba,
16 Februari 2026

Mwanangu Enesi,

Nilimsomea Ketrina barua yako, nikamuuliza, hii ni heshima au ni adhabu? Alikwenda ndani akaleta taa, akaiweka mbele yangu mezani, akarudi jikoni.

Shimo la tatu limekwisha. Jana nilishuka, si juu kwenye jabali, ni palepale kwenye kinyungu tulipotandika shuka. Maji yalikuwa safi. Nilizungusha mawe kama ulivyokuwa unafanya, nikatafuta vinyumba, sikuona hata kimoja. Nikawasha taa juu ya beseni, nikakaa mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa kuwa nimepewa jina lake nilimwita kwa jina hilo, nikajisikia mjinga, nikamwita tena.

Chupa tupu uliyoiomba ndiyo hii. Nilichoandika ndani yake ni haya, kwa penseli:

Igamba. Kijito cha Luka, chini ya mashine. 15 Februari 2026, saa moja jioni. Ameshika taa Hezron. Hakuna aliyekuja.